Chagua Shanga Yako: Ushauri kwa Mtunzi Aliyepungukiwa na Hamu

Mtunga shanga anapoanza kazi hana shida ya hamu. Hununua mafungu machache, akayamwaga kwenye sinia, na usiku wa manane ukamkuta bado anapanga. Shida huja baadaye, kazi ikishapata jina. Wateja wanaongezeka, mwenye duka la watalii anataka bangili mia moja zinazofanana, bibi harusi anataka kidani kama kile alichokiona kwenye simu ya shoga yake. Kidogo kidogo mikono inaendelea na moyo umebaki nyuma. Ndipo husikika maneno yale ambayo kila mtunzi wa siku nyingi anayafahamu: "Sina wazo jipya." "Shanga zimenichosha." "Siku hizi natunga kwa sababu ya kodi ya nyumba tu."

Wengi huamini kuwa fedha ndiyo iliyoua furaha, kwamba sanaa ikishauzwa hupoteza roho. Mimi siamini hivyo. Shanga zimeuzwa na kununuliwa katika pwani hii kwa karne nyingi na watu hawakuacha kuzipenda. Kinachopotea ni kuchagua. Raha ya kazi hii imo katika kitendo kidogo kinachorudiwa siku nzima: kati ya shanga zote zilizo mbele yako, unaokota hii na kuiacha ile. Oda ya bangili mia zinazofanana ina uamuzi mmoja tu, nao ulifanywa siku ya kwanza, pengine na mteja mwenyewe. Tisini na tisa zinazofuata ni za mkono peke yake. Ushauri wangu wote unatokana na jambo hilo: jirudishie kuchagua, kwa kiasi kidogo, kila siku.

Urithi wetu ni wa watu wanaochagua

Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alikuwa Unguja akijiandaa kwenda bara kumtafuta Livingstone, na moja ya mambo yaliyomsumbua sana lilikuwa shanga. Ndizo zilizokuwa fedha ya safari, za kununulia chakula na kulipia hongo njiani. Lakini hapakuwa na shanga iliyokubalika kila mahali. Nyeusi zilipita Ugogo, kwingine hazikuwa na thamani. Nyeupe, zilizoitwa merikani, zilitakiwa Ufipa. Zile kubwa za umbo la yai, sungomaji, zilipendwa Ujiji, na katika nchi nyingine zingekataliwa. Msafara uliokosea rangi ungeweza kubeba magunia ya shanga na bado ukalala njaa. Nyingi ya shanga hizo za kioo zilitengenezwa Ulaya, hasa Venice, lakini walioamua ipi ni nzuri na ipi haifai walikuwa watu wa Ugogo, Ufipa na Ujiji.

Tabia hiyo haijafa. Kwa Wamaasai, rika jipya la morani likiingia, mapambo nayo hubadilika. Wasichana wanaowatungia hupanga rangi kwa namna yao ili rika lao lijulikane kwa macho. Mgeni akitazama husema haya ni mapambo ya asili, akidhani yamekuwa hivyo tangu enzi na enzi. Bibi wa Kimaasai akitazama, anajua ni ya kina nani na ya wakati gani.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na shambani usemi huo una haki yake, kwa maana mvua haimngojei mtu. Mbele ya sinia la shanga mambo ni kinyume. Anayetunga bila kuchagua ameiacha mila, hata kama kila nakshi yake ameinakili kwa bibi yake bila kukosea.

Anza na uzi wa siku

Kila siku, kabla hujagusa oda ya mtu, kata uzi na utunge urefu wa kidole chako cha shahada kwa namna unayotaka wewe. Kipande hicho hakiuzwi, hakitumwi kwa mteja wala hakipigwi picha ya kuonyesha watu. Ukitumia shanga namba 8, ambazo zina upana wa kama milimita 3, robo saa inatosha kabisa. Ukitumia namba 11, za kama milimita 2, utahitaji muda kidogo zaidi. (Kwa anayeanza: namba inavyopanda ndivyo shanga inavyokuwa ndogo.) Ukimaliza, piga fundo, andika tarehe kwenye kikaratasi, ukitundike kipande hicho kwenye msumari ukutani.

Nasema kabla ya oda kwa sababu maalumu. Ukiuacha uzi wako hadi mwisho wa siku, utaujia na macho yaliyochoka na akili iliyojaa hesabu za watu. Kama asubuhi yako ni ya kuandaa watoto wa shule, ufungamanishe uzi huo na jambo ambalo tayari unalifanya kila siku: wakati chai inachemka, baada ya sala ya alasiri, au unaposubiri maharage yaive. Hamu ya kutunga huzoea saa, na ikishaizoea itafika yenyewe.

Mwezi ukiisha, vishushe vipande vyote, vitandaze kwenye kitambaa cheupe kwa kufuata tarehe, na uvitazame kwa makini. Utaona rangi unazozirudia bila kujua, na utaona ile unayoikimbia. Utaona kama mkono wako unapenda nakshi iliyonyooka au iliyovunjika, nafasi pana au msongamano. Hayo ndiyo mambo ambayo watu huyaita mtindo. Huna haja ya kuutafuta mtindo wako kwa wengine. Umekuwa ukiutunga, ila hukuwahi kuuona ukiwa mahali pamoja.

Kisha fanya kitu nao. Viunganishe vipande hivyo kuwa kidani kimoja kirefu, au chukua kile kimoja kilichokushangaza ukikuze kiwe bangili. Mawazo mengi ya bidhaa mpya hutoka hapo, na ni ya kwako kweli.

Jibane kwa makusudi

Anayelalamika kuwa hana wazo mara nyingi ana shanga nyingi mno mbele yake. Sinia lenye rangi ishirini humfanya mtu aokote zilezile alizozizoea, kwa sababu kuchagua kati ya ishirini kunachosha kabla kazi haijaanza. Punguza. Wiki ya kwanza tumia nyeusi, nyeupe na rangi moja tu uipendayo. Wiki ya pili tumia hizohizo tatu, ila badilisha vipimo: iliyokuwa nyingi iwe chache. Wiki ya tatu changanya ukubwa, namba 8 na namba 11 kwenye uzi mmoja. Wiki ya nne baki na rangi moja, lakini ya aina mbalimbali: inayong'aa, isiyong'aa, na ile ya kioo inayopitisha mwanga.

Hiyo inayopitisha mwanga ina siri ambayo wengi hawaitumii. Hubeba rangi ya uzi ulio ndani yake. Chukua shanga za buluu za kioo, uzitunge kwa uzi mweupe, kisha kwa mweusi, kisha kwa mwekundu. Utapata buluu tatu bila kununua hata punje moja.

Jaribu pia hili. Tunga nyekundu na kijani zikifuatana moja moja, kisha urudi nyuma hatua kadhaa na kutazama. Kwa mbali rangi hizo mbili zitachanganyika machoni na kufifia, kuelekea udhurungi. Sasa zipange upya kwa mafungu, na katikati ya mafungu weka mstari wa nyeupe. Kila rangi itasimama. Zitazame kola za Kimaasai utaona jinsi mstari mweupe unavyofanya kazi hiyo mara kwa mara. Ukishalijua hilo kwa mikono yako, hutaacha kuliona popote uendapo.

Watu wa kale walibanwa kuliko sisi. Katika mapango ya Kenya na Tanzania wataalamu wa mambo ya kale wamechimbua vishanga vya maganda ya mayai ya mbuni, vingine vikiwa na umri wa miaka ipatayo 40,000 au zaidi. Waliovitengeneza walikuwa na rangi moja ya ganda, wakalivunja, wakatoboa vipande, wakavisaga kingo hadi vikawa duara. Chaguo lao lilikuwa ukubwa, wembamba na idadi, na likawatosha kuifanya kazi hiyo kwa maelfu ya miaka.

Na katika siku zetu yuko Sanaa Gateja wa Uganda, aliyezaliwa Kisoro mwaka 1950 na kusomea kazi ya mapambo Ulaya. Badala ya kutegemea kioo cha kuagiza, yeye huchukua karatasi zilizotumika, akazikata vipande vyembamba, akaziviringisha kuwa shanga, kisha akazishona kwa maelfu juu ya kitambaa cha magome ya mti. Mwaka 2024 alikuwa miongoni mwa wasanii walioiwakilisha Uganda katika maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice. Mji uliowahi kupakia shanga za kuja kwetu umepokea shanga za karatasi kutoka Kampala. Kama umekwama kwa sababu bei ya shanga za kioo imepanda, usiache kutunga. Tazama kilichomo ndani ya nyumba yako.

Okota rangi njiani

Msukumo wa kazi upo sokoni, barabarani na jikoni, lakini mtu akiutazama kijuujuu haumsaidii. "Nyanya zilipendeza" haikupi kitu cha kutunga. Jifunze kutazama kwa kipimo. Simama mbele ya embe bivu ujiulize: njano ni sehemu ngapi, chungwa ngapi, kijani ngapi, na yale madoa meusi ni mangapi? Ukipata, kwa mfano, njano sita, chungwa tatu, kijani moja, na nyeusi moja ya hapa na pale, tayari umebeba nakshi. Tunga kwa uwiano huo. Kesho fanya hivyo kwa dagaa waliotandazwa juani, kesho kutwa kwa turubai la buluu lenye rundo la bilinganya, siku nyingine kwa kuta za nyumba kongwe za mtaani kwenu zinazobanduka rangi.

Kanga ni shule iliyo ndani ya kila kabati. Upo mpangilio wake wa pindo na mji, na nyingi za zamani zina rangi mbili tatu tu, kwa kuwa kila rangi ilipaswa kupigwa chapa peke yake. Chukua kanga ya mama au ya bibi yako uisome: rangi gani imepewa pindo, gani imepewa mji, na ile ndogo kabisa imewekwa wapi ili ionekane. Kisha tengeneza bangili yenye pindo na mji wake. Hata majina ya rangi tuliyo nayo yanaamsha macho. Damu ya mzee si nyekundu tu, na ugoro si kahawia tu. Tafuta shanga inayostahili jina hilo hasa, usikubali ya kukaribia.

Usidharau vitu vya nyumbani kwa kudhani sanaa inataka mambo makubwa. Msanii wa Marekani Liza Lou alitumia miaka mitano, kuanzia 1991 hadi 1996, kukifunika chumba kizima cha jiko kwa shanga: sinki, sahani, maji ya bombani, hadi maboksi ya vyakula. Alichokichagua ni kile ambacho wanawake wengi hukiona kila siku hadi wakaacha kukiona.

Unapookota nakshi za watu wengine, zikiwa za Wamaasai, Wasamburu, Wapokot au Wazulu, uliza kwanza zinavaliwa na nani na wakati gani. Yapo mapambo yanayomtambulisha mwanamke aliyeolewa, na yapo ya shughuli maalumu. Mwulize mwenyewe, umsikilize, na ukiuza kazi iliyotokana na kwao useme imetoka wapi. Heshima hiyo haipunguzi ubunifu. Mwenye nakshi akikueleza kwa nini rangi imekaa pale, unaondoka na kitu kikubwa kuliko nakshi yenyewe, yaani namna yake ya kufikiri.

Acha nafasi yako ndani ya oda

Oda ndizo zinazolisha nyumba na sitakushauri uzikatae. Nakushauri uzijadili. Mwenye duka akitaka bangili mia, mwambie: "Rangi zitakuwa hizi nne ulizochagua, upana utakuwa huu, lakini mpangilio utatofautiana kidogo." Wengi hukubali, maana mnunuzi naye hupenda kuinamia meza na kuchagua iliyo yake. Sasa una oda ya maamuzi mia badala ya mmoja, kwa bei ileile na kwa shanga zilezile.

Pale ambapo lazima zifanane kabisa, kama sare za kikundi cha ngoma au mapambo ya wasimamizi wa harusi, jiwekee sehemu isiyoonekana sana: sentimita ya mwisho karibu na kifungo, upande wa ndani, au shanga moja yenye rangi yako mwenyewe. Usikae pia kutunga nyuzi mia kwanza halafu ndipo ufunge mia. Inaonekana ni haraka, lakini inakunyima kumaliza kitu. Fanya kumi kumi, kila kumi uzifikishe mwisho. Kuona kazi imekamilika mkononi ni malipo, na unastahili kulipwa mara nyingi katika oda moja.

Jambo lingine linaloua furaha taratibu ni shanga mbovu. Baadhi ya zile za bei rahisi zimepakwa rangi kwa juu tu, na jasho na jua huzichujua. Kabla ya kununua nyingi, chukua chache, uziloweke usiku mmoja kwenye maji ya sabuni, nyingine uziache siku kadhaa dirishani penye jua. Ni vigumu kuipenda kazi unayojua itarudishwa na mteja mwenye hasira.

Huenda ni macho, si moyo

Naomba hili lisomwe kwa makini na kila aliyevuka miaka 40. Kuanzia umri huo, karibu kila mtu huanza kupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu. Hutokea polepole mno. Mtunzi haambiwi na mtu kuwa haoni. Anajikuta tu anachukia namba ndogo, anaumwa kichwa jioni, anaacha nakshi ngumu na kusema hamu imekwisha. Kapime macho. Miwani ya kusomea inaweza kukurudishia kazi uliyodhani imekuisha moyoni.

Vijana nao wajitunze. Kila baada ya dakika 20 inua uso utazame mbali, mtini au upande wa pili wa barabara, kwa sekunde 20 hivi. Kaa penye mwanga wa mchana, na kama unatumia mkono wa kulia, mwanga utoke kushoto ili kivuli cha mkono kisifunike sindano. Weka sinia juu ya meza au stuli badala ya kuinama hadi sakafuni. Tandika kipande cha flana au blanketi kuukuu ndani ya sinia ili shanga zisikimbie, na kiwe cha rangi iliyotulia, kwa kuwa rangi ya chini hubadilisha namna unavyoiona ile ya juu. Mwili usiouma huchagua vizuri zaidi.

Kaeni pamoja

Kutunga peke yako kila siku hukausha. Wanawake wa Kimaasai hukaa chini ya mti na kushona huku wakizungumza, na mazungumzo hayo ni sehemu ya kazi, kwani ndipo nakshi inaposifiwa, inapokosolewa na kuhama kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kazuri, karakana ya shanga za udongo iliyopo Karen jijini Nairobi, ilianza mwaka 1975 na akina mama wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Leo imekuwa mahali ambapo wanawake wengi hufinyanga na kupaka rangi bega kwa bega.

Tafuta wenzako wawili watatu mkutane mara moja kwa wiki au kwa mwezi. Kila mmoja alete konzi moja ya shanga asizozitumia, mbadilishane. Konzi ya mwenzako itakuletea rangi ambayo usingeinunua kamwe. Kisha fanyeni zoezi hili: gawaneni shanga zilezile kwa idadi ileile, kila mtu atunge anavyotaka bila kuchungulia. Mkionyeshana, mtashangaa. Hapo ndipo mtu anapoamini kwa macho yake kwamba ana mkono wake, usiofanana na wa mwingine.

Na mkaribishe mtoto. Mpe sinia lake na umwache. Mtoto huweka zambarau karibu na chungwa bila kumwomba mtu ruhusa. Usimsahihishe. Mtazame, ujikumbushe uhuru huo.

Siku ambayo hamu haipo kabisa

Siku hizo zipo na hazina maana kuwa umekwisha. Usijilazimishe kubuni. Chukua lile kopo la shanga zilizochanganyika, ambalo kila mtunzi analo, uzitenganishe kwa rangi. Ni kazi ya kuchagua katika hali yake nyepesi kabisa, na mara nyingi rangi mbili zitakutana kiganjani kwa bahati na kukupa wazo. Au chukua kazi ya zamani usiyoipenda uifumue. Shanga ya kioo haichakai kwa kufumuliwa. Inarudi kwenye sinia ikiwa tayari kwa uamuzi mwingine.

Kama hamu imepotea kwa wiki nyingi, na haikupotea kwa shanga tu bali kwa chakula, usingizi na watu unaowapenda, usiichukulie kuwa shida ya sanaa. Zungumza na mtu unayemwamini na ufike kituo cha afya. Kazi itakungoja.

Kwa wengine wote, anzeni kesho na uzi mmoja, rangi tatu na robo saa. Msingoje oda zipungue, kwa kuwa kwa mtunzi mzuri hazitapungua. Mteja ana haki ya kuchagua anachokilipia, na tunamshukuru. Lakini kilichomfanya aje kwako badala ya kwenda kwa jirani ni maamuzi uliyoyafanya siku ambazo hakuna aliyekuagiza. Ukiziacha siku hizo zikaisha, hata yeye atakosa cha kuagiza.